Mama mukwe kati ya majeruhi

Leo nimesifiwa mbele ya wenzangu wote, na mama mukwe wangu tu njo anajua kwa nini sikustahili.

Iko hivi. Hapa Ngungu, Sista Mubelgiji anatufundisha sisi wauguzi kazi ya siku kilima kitabomokea watu.
Kwa zoezi, akaomba watu wa kijiji walale chini kama majeruhi, wajipake mafuta ya mawese kama damu.

Ninafika mbio na bandeji.
Wa kwanza ninayemukuta amelala: mama mukwe!
Analia kwa nguvu, mawese mpaka kwenye goti.

Munajua desturi yetu. Mukwe mwanaume hagusi mama mukwe, tena goti!
Nikageuza macho, nikamupita mbali, nikakimbilia muzee mumoja aliyelala kimya pembeni.

Sista akapiga makofi.
"Angalieni huyu! Mwenye kulia iko na pumzi. Mwenye kunyamaza njo wa kwanza kusaidiwa."

Nikainamisha kichwa kama mutu wa akili.
Mama mukwe akajifunika kitambaa, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Nyinyi mungefanya nini?
Semeni haraka, maana zoezi tutalirudilia kesho, na mama mukwe ameshaomba yeye njo alale kimya.