Uso wa Saa ya Watu wa Walikale

Harufu ya moshi wa jikoni kwetu Nyabiondo naijua mpaka leo: moshi mzito wa kuni mbichi, uliochanganyika na mafuta ya nyama na vumbi la mahindi. Juu ya mafiga palining'inia uchaga, na kila kilicholowa kilipandishwa huko kikauke: mbegu za maharage, ngozi, hata viatu vya Papa. Kwa hiyo Papa aliponyeshewa njiani akitoka mji wa Sake, kioo cha saa yake ya mkono kikajaa ukungu, Mama hakuwaza mara mbili. Aliitundika saa uchagani. Iliposhushwa ilikuwa inatembea vizuri, lakini uso wake mweupe ulikuwa na rangi ya majani makavu ya ndizi, na namba hazisomeki.

Ingekuwa saa yetu tungecheka. Lakini ililetwa na watu wa Walikale pamoja na mbuzi, mahari ya dada yangu Faida, na msimu ule ule wa mvua, miaka michache kabla ya uhuru, tulisikia kwamba mchumba wake tayari ana mke huko kwao msituni. Faida alikataa kuolewa, na Papa akamuunga mkono. Desturi haikuwa na mlango wa nyuma: mahari hurudi kamili. Mbuzi hulipwa kwa mbuzi, ila saa kama ile hatukujua pa kuipata. Ikirudi imeharibika, wangeweza kuikataa, na Faida angehesabiwa mke wao. Mshenga alikuwa ametuma neno kwamba atafika Jumapili baada ya ibada.

"Saa ya batu, ulikuwa unaivaa ya nini?" Mama alifoka.

"Na weye, ulikuwa unaipika ya nini?" Papa akajibu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nasema bila kujificha: shule nzima haikuwa na mwandiko kama wangu. Papa alibandua kioo kwa ncha ya kisu, kisha wakanisogezea saa mlangoni penye mwanga. Maji yangefuta namba, majivu yangekwaruza. Nikafinyanga kidonge cha ugali wa muhogo, nikakibonyeza taratibu juu ya uso ule, nikikwepa mishale. Kilitoka cheusi. Nikafinyanga kingine. Kawia ufike, wahenga walisema, lakini hawakuwa na dada anayepumua juu ya kisogo chao.

"Kaka, ukikohoa, nakuua," Faida alininong'oneza.

Weupe ulirudi, na pamoja na kidonge cha mwisho ikatoka namba saba. Mama alijishika kichwa. Nilichovya mwiba katika wino wa shule, nikabana pumzi, nikaiandika upya. Wino ulipokauka, nilipaka ute wa yai kwa unyoya laini wa kuku ili uso upate mng'ao wake. Mama akanyoosha mkono kuelekea uchagani. "Tuikaushe," alisema, na sote tukapiga kelele.

Papa alirudisha kioo, na Jumapili mshenga alikaa, akahesabu mbuzi, akapokea saa. Aliigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu mno.

"Papa Faida," alisema, "hii iko mupya kuliko ile tulileta. Mulibadilisha?"

 Kazi yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi, na uzuri huo sasa ulikuwa unampeleka dada yangu msituni. Mshenga akaigeuza tena, akatafuta mgongoni kwa ukucha mpaka akaupata mkwaruzo alioujua. "Njo hii," alisema. "Mulituchungia vizuri." Akaivaa. Faida alitoka nje, akaketi ghafla kwenye majani yaliyolowa.

Leo nina diploma ya ufundi mitambo niliyoisotea ng'ambo bila kusukumwa na mtu, na nimerudi kujenga nyumba ya matofali kwenye mlima ule ule. Vijana husoma saa kwenye simu, na ikiharibika hununua nyingine. Wananiuliza kama niliogopa mbele ya maprofesa wa Kizungu. Sikuogopa. Nilijibu yote; kama ningekosea pale, ningerudi darasani mimi peke yangu. Kule Nyabiondo, namba saba ingeenda upande, angeondoka Faida.