Goli la Kaka Yona na Mtama wa Mama Tabu

Wenzangu mliokimbia mchakamchaka asubuhi, mkono mmoja ufagio, mkono wa pili kidumu cha maji, sogeeni karibu. Haya ninayosimulia ni yetu sisi. Wenye umri wa Brayani waendelee tu na simu zao, hatutawasumbua.

Brayani ni mtoto wa mwisho wa kaka yangu Yona, na ndiye aliyeniburuta mwezi uliopita kwenda kutazama mazoezi. Timu moja ya ligi kuu imepiga kambi ya maandalizi ya msimu huku kwetu Unyambwa, na mtaa mzima umepagawa. Nikajitanda kanga yangu, kaka Yona akachukua fimbo yake kwa sababu ya goti, tukaenda kusimama kwenye uzio wa seng'enge. Jamani, dunia ina mambo. Wachezaji wamevaa vizibao vifupi vyeusi. Nikauliza vya nini, nikaambiwa vinapima mapigo ya moyo. Kuna kijana ambaye kazi yake ni kupanga koni. Kuna mwingine wa kugawa maji, na mwingine wa kuwakanda miguu. Brayani akanionyesha kwenye simu kwamba mshambuliaji wao mpya ndiye atakayefunga kuliko wote msimu ujao, simu imeshapiga hesabu. Wakati huohuo mshambuliaji mwenyewe, mbele ya macho yetu, akaupaisha mpira ukaenda kutua kwenye alizeti za jirani.

"Hiyo haihesabiwi, shangazi," Brayani akasema. "Ni mazoezi."

Nikamtazama kaka Yona. Kaka Yona akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa makubazi.

Sisi tulikulia Iguguno, na huko maandalizi ya msimu yalikuwa mavuno. Timu ya kijiji ikimaliza mechi zake, wachezaji walitawanyika kwenye mashamba ya wazazi wao, na kocha wetu, Mwalimu Zakayo wa shule ya msingi, alining'iniza filimbi shingoni akaenda kuwatafuta hukohuko. Ukimkuta namba tano anapura mtama kwa fimbo, Mwalimu Zakayo anasimama pembeni anapuliza filimbi na kuhesabu mapigo. Kipa alipewa kupokea magunia yanayoshushwa kwenye mkokoteni, ati inafungua kifua. Kambi rasmi ilianzia kila mwaka kwenye shamba la Mwalimu Zakayo mwenyewe, na ajabu ni kwamba mazoezi ya nguvu yaliisha siku ileile mtama wake ulipoisha. Hakuna aliyethubutu kuuliza, maana Mwalimu alikuwa na fimbo ya shule na fimbo ya kupuria, na zote alizijua vizuri.

Jioni walikimbia mpaka kwenye yale majabali makubwa na kurudi, upepo wa kiangazi unawarushia mchanga machoni, sisi watoto tunawafuata nyuma tukipiga kelele. Wakirudi hakuna wa kuwakanda mguu. Ni ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando, na ukimaliza unaambiwa ukateke maji. Mama alikuwa na msemo wake mmoja kwa kaka Yona: "Kama una nguvu za kukimbiza mpira, una nguvu za kukimbiza ndama."

Sasa niwaambie habari ya mguu wa kaka Yona, maana hapo ndipo shughuli ilipo. Yona alikuwa namba tisa. Nyumbani, kwenye sakafu yetu ya kupuria, alikuwa hakosi. Mnaijua sakafu ile: ardhi inasawazishwa, udongo unachanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, watu wanasiriba kwa viganja, siku mbili jua linaikausha inakuwa ngumu na laini hata punje ikidondoka unaisikia. Mtama ukishaondolewa, kaka Yona aliweka mafiga mawili upande mmoja, akapiga mpira wake chini chini katikati ya mafiga mara ishirini bila kukosea. Nilikuwa namwokotea, kwa hiyo naapa. Lakini mpeleke uwanja wa shule, penye vichuguu na alama za kwato za ng'ombe, mpira ukikaribia goli unaruka unampiga gotini au unampita. Msimu mzima hakufunga hata moja. Watu walifika mahali mpira ukimfikia wanaanza kuongea habari za mvua.

Halafu zikaja habari kwamba Jumapili, baada ya ibada, kuna mechi ya kirafiki na kijiji cha jirani, na kwamba kuna bwana atakuja kutazama. Bwana huyo alitoka timu kubwa ya mbali, ya mjini, ambayo wachezaji wake walilipwa kwa kucheza mpira, jambo ambalo baba yangu alikataa kuliamini mpaka anaingia kaburini. Alikuwa anatafuta mshambuliaji wa kwenda naye kambini. Kaka Yona alikuwa amemaliza darasa la saba miaka mitatu nyuma, hana shamba lake, hana fundi wa kumfundisha kazi. Wiki ile hakula vizuri. Aliniambia mimi tu, tukiwa tunachunga: "Nisipofunga Jumapili, mdogo wangu, mimi ni wa hapahapa."

Nikawaita wenzangu wa darasa la nne, wasichana sita. Nikawaeleza kwamba mguu wa Yona hauna tatizo lolote, tatizo ni uwanja. Dawa ya uwanja tunaijua wote tangu tunatambaa. Basi Alhamisi baada ya masomo tukabeba samadi kwa makarai, tukateka maji kwa vibuyu, tukachimba udongo kwenye kichuguu, tukasiriba mbele ya goli la upande wa kisimani. Tulisiriba lote lile eneo la kipa na kuzidi kidogo. Mwalimu Zakayo alipita akatuona, akauliza nani katutuma. Nikasema, "Shikamoo mwalimu, ni usafi wa mazingira." Akaitikia marahaba akaenda zake, na nadhani aliondoka akijisifu kwa malezi yake.

Jumamosi sakafu yetu ilikauka ikawa nzuri ajabu. Tatizo ni kwamba ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mama Tabu, jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kufukuza kunguru, sakafu yake ilikuwa imeharibiwa na ng'ombe wiki ileile. Jumapili asubuhi akapita uwanjani akaona sakafu mpya, haina mtu, imesiribwa kwa ustadi. Angefikiri nini kingine? Kijiji kizima tungefikiri vilevile. Tulipotoka ibadani tulikuta mtama wake mwekundu umetandazwa kutoka mwimo mmoja wa goli mpaka wa pili, na mwenyewe amekaa katikati ya goli kwenye kigoda, fito ndefu mkononi, anafukuza kuku.

Na kwetu mtama ukishaanikwa, hauguswi mpaka mwenyewe aseme. Kuukanyaga kwa viatu ndiyo usithubutu. Wageni wakafika na lori, wakasimama wanashangaa. Yule bwana wa mjini akafika na pikipiki, akavua kofia yake akasimama naye anashangaa. Mwalimu Zakayo akaenda kuinama mbele ya kigoda, akaamkia, akaeleza kwa upole habari za mechi, maendeleo ya vijana na heshima ya kijiji. Mama Tabu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mpira hauliwi," akasema, akaendelea na kuku wake.

Kaka Yona alikuwa amesimama karibu yangu, bukta yake imefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi mama yangu mwenyewe aende, wakanong'ona, na Mama Tabu akakubali kwa sharti kwamba wote waliokuja kucheza wakusanye kwanza. Basi wachezaji ishirini na wawili wakavua viatu wakainama. Nahodha wa wageni alishika mdomo wa gunia. Yule bwana wa mjini naye alipewa ungo, na hakuukataa. Sisi wasichana tulimalizia kwa ufagio wa chelewa, na Mama Tabu, kwa kutushukuru, akampa kila mmoja konzi ya mtama akakaange bisi. Yangu nikaitia mfukoni mwa sketi.

Kipindi cha kwanza kaka Yona alishambulia goli la upande wa pili, lile lenye vichuguu. Sitaki kulisimulia. Alikosa mara tatu, na ya tatu hata mbwa angefunga. Yule bwana alikuwa anaandika kwenye kijidaftari, kisha akaacha kuandika, akaanza kuitazama pikipiki yake.

Mapumziko yakafika. Nikachukua ufagio nikaenda kwenye ile sakafu yetu nikaanza kufagia, mtoto mwema kabisa, mbele ya watu wote. Na nilipofika karibu na mwimo, mkono wa kushoto ukaingia mfukoni. Konzi nzima nikaimwaga taratibu, hatua nne mbele ya mstari, pale kipa anapotokea. Nisingeweza kusema nilitegemea nini hasa. Nilikuwa na miaka kumi na kaka yangu alikuwa anakaribia kulia.

Dakika za mwisho, bado hakuna goli. Mpira ukapigwa mrefu, ukadunda mara mbili kwenye vichuguu, kisha ukaingia kwenye sakafu ukatulia, ukawa unateleza mzuri kuelekea kwa kaka Yona. Kipa wa wageni, jitu refu lenye mikono mpaka magotini, akatoka kwa kasi. Akakanyaga zile punje. Miguu ikaenda mbele, makalio yakabaki, akakaa chini kwa kishindo kama aliyekaribishwa kiti. Kaka Yona akaupitisha mpira pembeni yake, chini chini, kama kati ya mafiga. Nyavu hatukuwa nazo, mpira ukaenda mpaka kisimani. Vigelegele vya kina mama vilisikika barabarani. Mimi nililia kabisa.

Kuku ndio walitaka kuniumbua. Kelele zilipotulia, jogoo mmoja na mitetea mitatu walikuja golini wakaanza kudonoa. Yule kipa akanyanyua kiganja chake chenye punje kumwonyesha mwamuzi. Mwalimu Zakayo akawahi kusema kwamba mtama wa Mama Tabu hata ufagie vipi huwa unabaki. Mama Tabu naye akaja juu kwamba hizo ni zake azirudishiwe, na kesi ikaishia hapo.

Jumanne kaka Yona akaondoka na yule bwana, kuku wa kuchoma kwenye mfuko, kijiji kizima kinamsindikiza. Baada ya wiki tatu akashuka kwenye lori la mahindi na mfuko uleule. Tulisikia baadaye kwamba hakufunga hata goli moja kambini. Mama alisema tu, "Amerudi mzima, mpelekeeni maji ya kuoga." Watoto wa jirani walimwita Wiki Tatu mpaka alipooa. Kila walipomwita hivyo iliniuma mimi, kwa sababu nilijua ni nani aliyempeleka kule kuaibika. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii, nimezaa, nimezika wazazi, sikuwahi kumwambia mtu.

Basi pale kwenye seng'enge, Brayani alipokwenda kununua maji, nikamwambia. Nilimweleza konzi, mfuko, mkono wa kushoto, vyote. Kaka Yona akaendelea kuwatazama wale vijana wakipokezana mpira kati ya koni.

"Kwa hiyo goli lile ni lako," akasema.

"Nisamehe, kaka."

"Wiki tatu zile," akasema, "nilikula mayai mawili kila asubuhi. Nililala kwenye godoro, peke yangu, kitanda cha chuma. Tulipelekwa mjini kwa basi, nikaona taa za barabarani. Ungemwaga gunia zima, mdogo wangu." Akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Lakini Brayani usimwambie. Goli lile ndilo nililomlea nalo."

Sikumwambia. Brayani alirudi na maji akatueleza tena mahesabu ya simu yake, nasi tukaitikia. Watoto wa leo wana koni, wana vizibao, wana nyasi zinazomwagiliwa, na mpira kwao hauruki ovyo. Nawafurahia. Ila jioni mazoezi yakiisha kila mmoja anaondoka na masikio yameshazibwa na muziki wake, na sijaona dada wa mtu yeyote pale uwanjani. Sisi hatukuwa na uwanja, lakini mtu akikosa goli tulikosa wote, na mtu akihitaji sakafu tulimsiribia. Hilo nalililia mpaka leo.

Siri yetu nimeiweka hapa, kwenye maandishi marefu, nikijua iko salama. Brayani angefika huku chini, ningeogopa.