Cheti cha Marehemu Hakikodishwi

Tumemzika. Jirani yangu wa Kisauni, msimamizi wa mifumo ya kompyuta, yule ambaye nimekuwa nikimtaja hapa bila jina kila nilipotaka kuwagombeza nyinyi wasomaji juu ya paswodi zenu mbovu, alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Moyo, amesema daktari. Nilikusudia leo niandike maneno ya utulivu, yanayomstahiki mtu aliyekuwa mpole hivyo. Siwezi. Roho imenichafuka tangu siku ya hitima, na nikijitia upole nitakuwa nawasitiri watu wasiostahili kusitiriwa.

Nianze naye mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kwanza. Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, tena mwenye kujisikia kidogo, na ukimtembelea hukai vizuri kitini kabla hajakuonyesha vyeti vyake vya usalama wa mitandao, alivyovitia fremu na kuvitundika sebuleni, pale mkewe alipotaka kuweka saa. "Kwa wenzangu mgeni huonyeshwa mtoto aliyezaliwa," mkewe alikuwa akimtania mbele yetu. "Kwangu huonyeshwa karatasi." Naye hucheka, lakini karatasi haziondoi. Mtihani wa cheti cha kwanza aliufeli, na habari hiyo akiisimulia kwa raha kuliko ya kufaulu. "Nilisoma niyapendayo," aliniambia. "Mtihani ukaniuliza niyakimbiayo." Aliyokuwa akiyakimbia ni zile kazi za kuchosha ambazo bosi hazioni: kuweka nakala za data pembeni na kuzijaribu kama zafunguka, kumfutia ruhusa mfanyakazi aliyeondoka, kusoma kumbukumbu za mfumo siku ambayo hakuna lililoharibika. Akarudi kusoma, akafaulu, na tangu hapo kazi hizo akazifanya kila wiki. Kwa hiyo wanaponiambia vyeti hivi ni mapambo tu, mimi sikubali. Nilimwona mtu akibadilishwa na mtihani. Waliokuwa wakimtia kichefuchefu ni wale wanaonunua maswali yaliyovuja, wakayakariri, kisha wakatoka wakijiita wataalamu. "Mtu aiba mtihani wa kuzuia wizi," alikuwa akisema, "halafu aenda kuomba kazi ya ulinzi!"

Baada ya miaka mingi kwa wakala mmoja wa forodha, alichukuliwa na kampuni ya Changamwe inayouza huduma za ulinzi wa mifumo. Jina lake silitaji, ingawa kidole chaniwasha. Walimpa meza, kiti kizuri na cheo kirefu, wakachukua nakala za vyeti vyake vyote. Asubuhi moja akapigiwa simu na mwanamke asiyemjua, muuguzi wa kliniki moja ya Likoni, akilia. Kompyuta zao zote zilikuwa zimefungwa na wezi wa mtandaoni. "Wewe ndiwe mlinzi wetu," yule muuguzi akamwambia, "jina lako limo kwenye mkataba." Yeye hakuwahi hata kuisikia kliniki hiyo. Angeweza kukata simu. Akavuka kwenda Likoni, akakuta wagonjwa wa presha na kisukari wamejaa kwenye mabenchi, na wauguzi wakiwauliza mmoja mmoja, "Dawa yako ilikuwa ipi? Rangi gani?" Paswodi ya mfumo ilikuwa ile ile uliotoka nayo kiwandani. Nakala ya data haikuwapo. Hakuna mtu aliyewahi kufika kuulinda mfumo ule. Kilichofika ni picha ya cheti chake, iliyobanwa kwenye zabuni na kushinda kazi, kisha basi.

Alirudi ofisini kuuliza jina lake limetumika wapi kwingine. Bosi akacheka, akamwambia ndivyo soko linavyokwenda, kila mtu afanya hivyo, na kwani yeye apungukiwa na nini? Akaacha kazi siku ile ile, nakala za vyeti zikabaki kwao. Tangu hapo alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, na maisha nyumbani kwake yakawa ya kubana. Wako waliomwita mjinga. Mtu ana watoto shuleni, walisema, aringia karatasi.

Sasa nifike kwenye hitima. Mimi nilikuwa ndani, upande wa wanawake, nimekaa mkekani karibu na mjane, ambaye yuko edani na hakutani na wanaume wa nje. Wanaume walikuwa chini ya turubai barabarani, na kati yao, nikaambiwa, amekuja bosi wa Changamwe. Nikasema moyoni, angalau ana haya. Kumbe nimempa sifa bure. Punde akaingia mwanamke kijana, mfanyakazi wa ofisini kwake, amevaa buibui ambalo mikunjo ya dukani bado haijatoka. Nikafahamu: bosi anajua hawezi kuingia, basi amenunua buibui, akalijaza mtu. Yule kijana akapiga magoti mbele ya mjane.

"Mama, pole sana. Bosi yuko nje, amenituma kwako."

"Ahsante, mwanangu. Amekutuma nini?"

"Anaomba simu ya marehemu, kidogo tu. Kuna cheti chake kinakaribia kuisha muda, na zile nambari za kuthibitisha huja kwa simu yake. Tutakihuisha sisi wenyewe. Halafu anaomba msiwaandikie wale waliokitoa kwamba ameaga." Akapunguza sauti. "Karo ya watoto amesema ataishughulikia. Hatawaacha."

Sikujitia kumshauri mjane, kwa sababu nilijua hali ya nyumba ile. Hakuna aliyekuwa chumbani mle ambaye angemlaumu lau angeitoa simu. Watoto ni wake, na karo ni kila muhula.

"Kwa hivyo mwataka awe hai," akasema.

"Kwa makaratasi tu, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tenda ifunguliwe."

Shangazi yake marehemu, aliyekuwa akivuta uradi pembeni, akausimamisha. "Audhubillahi," akasema, na chumba kizima kikageuka kututazama. Mjane akamwita bintiye mkubwa. "Niletee simu ya babako." Yule kijana akashusha pumzi, akadhani mambo yamekwisha. Binti akaileta, akaambiwa awatafute wale waliotoa cheti, awaandikie, na mamake akamsomea maneno pole pole huku sote twasikia: mwenye cheti hiki amefariki, mimi ni mkewe, na yeyote atakayekuja kwa jina lake si yeye. "Peleka," akasema. Kisha akamgeukia mgeni, bila hasira, akamwambia: "Kamwambie bosi wako kwamba huko pia amekufa."

Nilitoka kumtazama huyo bosi akipelekewa jibu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akamalizia pilau yake, hata mchuzi akaupangusa. Wallahi sijawahi kuchukizwa na mtu anayekula kama nilivyochukizwa naye. Juzi nimesikia zabuni ile wameipata kwa cheti cha kijana mmoja wa Bamburi anayefanya kazi ughaibuni, na sidhani kama mwenyewe ana habari. Mwenye kutoa zabuni alitazama karatasi, karatasi ikawa nzuri, akatia muhuri. Hakuomba kumwona mtu. Huo ndio uozo wenyewe, na hauko Changamwe peke yake: tumefika mahali ambapo tunanunua sifa za mtu na hatumtaki mtu mwenyewe, kwa kuwa mtu huuliza maswali.

Basi nyinyi wenye vyeti, na wazazi mnaojinyima ili watoto wenu wavipate, jueni thamani yake iko wapi. Cheti cha usalama ni kauli ya mtu mmoja kwamba mlango ukivunjwa atakuja yeye, na atajibu yeye. Mwajiri akiacha kukutaka wewe akabaki kuitaka nakala yako, mnyang'anye. Na wewe unayetoa kazi, mwite mwenye jina aje, umwone na macho.

Watoto wa marehemu muhula huu wamerudi shule kwa mchango wa jamaa, na wa muhula ujao haujulikani utatoka wapi. Nilimwuliza mjane kama hajuti. Alikuwa akichagua mchele, hakuinua uso.

"Nimemzika mume wangu kamili," akasema. "Sikutaka kipande chake kibaki kwa watu, kikiwafanyia kazi."