Lenzi Ndefu na Bibi wa Butiama

Nakumbuka asubuhi niliyotoka dukani, mtaa wa Mukendo mjini kwetu kando ya ziwa, na kamera yangu ya kwanza ya dijitali shingoni, lenzi imetangulia mbele kama pembe ya ng'ombe dume. Nikatembea kwa miguu mpaka Nyasho ili watu wanione. Mwanangu, waliniona. Muuza sato mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa mbugani, na mimi sikukataa.

Nilikuwa bado mama kijana, darasa la nne tu kichwani, na nilikuwaga napiga picha za ubatizo kwa kamera ya mkanda. Mikanda ikaadimika, wateja wakataka picha za kuona hapo hapo, nikasema na mimi nihamie.

Sasa kwa nini lenzi ile? Kule Bunda, kwenye geti la mbuga, nilikuwa nawaona wazungu wamesimama kwenye magari yao, lenzi ndefu kama miko ya kusongea ugali wa msiba. Nikajiambia hawa ndio wanaojua. Ni kweli wanajua, ila wanajua ya kwao. Dukani kulikuwa na kamera moja ya mtumba, na unachagua: uichukue na lenzi yake fupi, au na ile ndefu. Hela yangu haikutosha zote mbili. Muuzaji, mtu mpole, aliniuliza mara mbili ninapiga picha za nini. Nikamwambia anifungie ile ndefu, maswali ampelekee mke wake.

Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa na kazi Butiama, binti mmoja, Wegesa, anaolewa. Kwenye ukoo wao binti haondoki mpaka bibi yake amshike kichwa na kumwombea, na hilo hufanyika ndani, si uwanjani mbele ya wageni. Bibi mwenyewe alikuwa hawezi tena kusimama, na maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha. Wegesa alinishika mkono akaniambia anaitaka hiyo moja tu, zingine hata zikiharibika hatanidai. Nikamwambia atulie, kwani hajaiona lenzi?

Naingia sebuleni. Chumba kidogo, ukinyoosha mkono unagusa kabati. Naweka jicho kwenye kamera, naona sikio la bibi. Sikio tu, limejaa kama sahani. Narudi nyuma, naona shavu. Narudi tena, mgongo umefika ukutani. Basi nikatoka nje, nikarudi kinyumenyume mpaka nikajikuta kwenye zizi la mbuzi, kiatu kimoja ndani ya mavi, nalenga mlango wa sebule. Mlangoni wamejaa mashangazi, na mimi naona makalio ya vitenge tu. Mmoja akageuka akaniuliza nimekuja kupiga picha harusi au mbuzi. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ila machozi yalikuwa karibu, maana ndani bibi alikuwa ameshainua mikono, na mikono ya mzee haikai juu muda mrefu.

Upande wa bwana harusi walikuja na mpiga picha wao kutoka Bunda, Mama Rehema, mama mtu mzima, ushungi wake umekaa barabara, kamera yake imekwaruzika pande zote na lenzi yake fupi kama kikombe cha kahawa. Alinifuata mpaka zizini. Yeye hakunicheka.

"Mwanangu, umenunua jicho la kuangalia simba," aliniambia. "Hapa simba yuko wapi?"

Akaizungusha lenzi yake, ikatoka, akaniwekea mkononi. Bahati kamera zetu zilikuwa za kampuni moja, ikaingia kwangu bila ugomvi. Yeye akabaki ameziba mdomo wa kamera yake kwa ncha ya ushungi, vumbi lisiingie.

"Kimbia. Mikono ya bibi inashuka."

Nilipenya katikati ya mashangazi wale kama mbuzi wa kwao. Safari hii chumba chote kikaingia: bibi kwenye kochi, Wegesa amepiga magoti, mikono miwili ya mishipa mitupu juu ya shela nyeupe, mwanga wa dirisha umewalalia wote wawili. Nikapiga. Kisha nikamwonyesha bibi kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akaangalia weee, akauliza kwa Kizanaki huyu mzee ni nani. Wakamwambia ni yeye.

"Basi nirudie," akasema. "Kilemba kimekaa upande."

Nyumba ikajaa vigelegele. Nilirudia mara nne, na mara ya nne, kabla sijairudisha lenzi ya Mama Rehema, bibi akacheka, ufizi wote nje. Hiyo ndiyo ipo ukutani kwa Wegesa mpaka leo, na mimi nikipita naiangalia kwanza ndipo nasalimia.

Sasa nisikilize, wewe unayekwenda kununua kamera yako ya kwanza. Usianze kuchagua kamera; anza na picha unazokwenda kupiga, na muuzaji akikuuliza, mjibu. Kama ni watu, ndani ya nyumba zetu hizi, kamera ya mtumba ya kawaida inatosha, na lenzi fupi inayokujaga nayo, ile inayoanzia milimita kumi na nane, inayoona chumba kizima. Ukijaliwa baadaye, ongeza ya hamsini, ndogo, ya bei nafuu, inazipenda sura za watu hata mwanga ukiwa haba. Ndefu iache mpaka kazi yenyewe ikuite. Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi, maana unyevu wa ziwa huotesha ukungu ndani kama mkate uliosahauliwa kabatini. Nenda na memori kadi yako, piga picha kadhaa humo humo dukani, zikuze uone. Na nunua kampuni wanayotumia wenzako, ili siku ukikwama wakuazime, na wewe uwaazime. Usione aibu kuazima; mimi huyu, bibi wa wajukuu tisa na studio yangu mwenyewe Nyakato, nilianzia hapo.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usiotetemeka. Kila nyumba utakayoingia uiache ina furaha kuliko ulivyoikuta, na picha zako ziishi miaka mingi kuliko mimi na wewe. Nenda mwanangu, kapige.