Imeili Yenye Mkia

Mpaka leo nikipita Sotik, mtu wa rika langu akiniona anashika karatasi yoyote iliyo karibu, hata ile ya kufungia sukari, anaivuta chini polepole kama anasoma kitu kisichoisha, na wenzake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Na mimi nacheka pia, nitafanya nini? Aibu ni yangu, niliitoa mfukoni na mkono wangu mwenyewe. Wacha niwaambie vile ilikuwa, ndio muache kusikia kutoka kwa watu wanaoongeza chumvi (ingawa hii hata haihitaji chumvi).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Binamu yangu Chelangat alikuwa na ofisi ya kutaipu hapo Sotik, chumba kimoja tu, na akauza ng'ombe wawili wa maziwa akanunua komputa na kuingiza intaneti, ya kwanza sisi kuona upande wetu. Ilikuwa inapitia laini ya simu, kwanza inalia kama kuku amefungiwa kwa debe, halafu unangoja, na ukingoja sana unangoja tena. Anwani ilikuwa moja, ya ofisi, sisi wote tulitumia hiyo hiyo. Imeili yako ikiingia Chelangat anaichapisha kwa ile karatasi ndefu ya matundu pembeni, anaikunja, anaandika jina lako juu, unakuja kuchukua kama barua. Na mimi nilikuwa fundi wake. Nani alinifundisha? Hakuna mtu. Nilijifundisha kutoka kwa kitabu kimoja ambacho kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'olewa, nilikuwa nakisoma nikitoka kuchuma chai, vidole bado ni vya kijani, na mtu akisema vibaya juu ya hiyo mashine ama juu ya Chelangat, huyo alikuwa ananitafuta mimi.

Sasa mwenye plot, yaani hilo jengo la ofisi, alikuwa Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, baba ya rafiki yangu Wesley aliyeenda kusoma Amerika. Mzee akasikia mahali ati ndani ya intaneti kuna picha za watu uchi na namba ya yule mnyama, akamwambia Chelangat, mpaka mwisho wa mwezi atoe hiyo kitu ama atoke yeye mwenyewe na meza zake. Na hakukuwa na chumba kingine cha kukodi chenye laini ya simu. Yaani ng'ombe wameenda, na komputa inabaki ya kuwekea vitambaa. Chelangat akaenda kwa chifu, chifu akasema hii ni jambo la wananchi, akaita baraza uwanja wa nyuma ya maduka.

Watu walikuja kama wa harusi. Mama mmoja wa Mogogosiek akasimama akauliza kama hiyo mashine inaweza kuona bei ya chai kule mnadani Mombasa, kwa sababu bonasi huwa inafika imekonda na hakuna mtu anasema ilikondea wapi. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema kijana wake akianza kuangalia Amerika kila siku, nani atakamua? Mwingine akasema serikali inapaswa kuweka intaneti Nairobi tu, huko wamezoea mambo mabaya. Chelangat alijibu wote pole pole, na heshima, na mimi nilikuwa naona tunashinda.

Ndipo Mzee Barnaba akasimama na kofia mkononi.

"Mimi sikatai maendeleo," akasema. "Hata mimi nina redio. Lakini kitu kinaingia kwa nyumba yangu, sijui kimetoka wapi, sijui kimebeba nini, hiyo hapana. Ikae, lakini kila barua inayoingia isomwe kwanza na wazee watatu wa kanisa. Wakiona ni safi, mtu apewe."

Chifu akatikisa kichwa kama amependa. Chelangat akainama. Nilijua anafikiria nini: nani atakuja kwake kama barua ya mchumba wake itapitia kwa wazee watatu na miwani? Ofisi itakufa tu, pole pole badala ya mara moja.

Basi nikashikwa na hasira. (Mimi hasira yangu haibishi hodi.) Nikasimama.

"Rono, keti," Chelangat akaninong'oneza akivuta koti.

Sikuketi. Nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza viazi: "Mzee, kwani mnafikiria tunaandikiana uchawi? Hakuna siri! Hata sasa hivi niko na imeili mfukoni, imefika leo asubuhi, na imetoka kwa kijana wako Wesley! Soma! Soma mbele ya watu wote, neno kwa neno, mkipata ubaya hata mmoja mimi mwenyewe nitabeba hiyo komputa niitupe mtoni!"

Watu wakasema "Eeeh!" na mimi nikajisikia kama wakili.

Sasa hapa ndipo mtanicheka. Hiyo karatasi nilikuwa nimesoma, lakini nilisoma mpaka jina la Wesley basi. Chini yake kulikuwa na mistari mingine imewekwa vimishale pembeni, na mimi, fundi, nikafikiria ni takataka za laini ya simu. Sikujua mtu akikujibu, mashine inabeba yale uliyomwandikia wewe na kuyarudisha pale chini kama mkia. Nafikiri hiyo ilikuwa kwa zile kurasa zilizong'olewa.

Na kitu kingine mjue juu ya Mzee Barnaba: akianza kusoma haruki neno. Kanisani akisoma matangazo anasoma mpaka jina la kampuni iliyotengeneza karatasi.

Akavaa miwani. Akasoma: "Rono, habari ya nyumbani. Mimi mzima, baridi tu. Yale uliniambia juu ya baba yamenichoma. Msalimie sana, mwambie namwandikia wiki hii. Ni mimi Wesley."

Watu wakapiga makofi. Chelangat akainua kichwa. Mimi nikaanza kukaa chini kama mtu amemaliza kazi.

"Yale gani?" Mzee akauliza.

"Ya kawaida tu, mzee. Salamu."

"Naona inaendelea hapa," akasema, na akavuta karatasi, na ile karatasi ikafunguka mpaka magotini.

"Wesley, ni mimi Rono," akasoma. Nikasimama tena. "Huku hakuna jipya. Baba yako bado anaombea chakula mpaka ugali inashika baridi. Jumapili tulikula kwenu, aliombea wilaya moja baada ya nyingine, kufika Turkana supu ilikuwa imeganda, na mimi nilikuwa nimefungua jicho moja nikichunga kuku asiibiwe na paka."

Baraza yote ikalipuka. Chifu alifunika uso na faili. Nikasema, "Mzee, hapo inatosha, hiyo ingine ni ya mashine," nikanyoosha mkono.

"Ulisema neno kwa neno," Mzee akasema bila kuniangalia, na akavuta tena.

"Kuna kitu nitakuambia lakini usiambie mtu. Unakumbuka ile kibodi ya Chelangat ilikufa, nikamwambia ni radi? Haikuwa radi. Nilikuwa nakunywa mursik juu yake nikamwaga maziwa kibuyu nusu. Sasa ametoa ushuhuda kanisani vile Mungu alizuia radi isichome nyumba, na kanisa wameimba, na mimi nimeimba nao."

Hapo sikusikia kicheko, nilimwangalia Chelangat tu. Huyu ndiye mtu nilikuwa niko tayari kupigana na Sotik yote kwa sababu yake, na alikuwa ananiangalia kama mtu anayeona ng'ombe wake kwa shamba la jirani. Alisema tu, "Rono. Mursik." Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo, na sikuwa nimetukanwa.

Mzee alikuwa bado anasoma, watu bado wanacheka, na sauti yake ikaanza kupungua. "Lakini Wesley, wewe pia una makosa. Baba yako kila Ijumaa anatembea mpaka posta kufungua sanduku. Akitoka mikono mitupu anatuambia ati kifunguo kimekwama. Wiki ijayo tena, kifunguo kimekwama. Sisi wote tunajua hicho kifunguo kiko sawa. Mwandikie mzee, wewe."

Kicheko kikaisha chenyewe. Mzee akabaki ameshika mwisho wa karatasi, akaugeuza aone kama nyuma kuna kitu. Hakuna. Akaikunja vizuri, kwa zile alama za mikunjo ya Chelangat, na badala ya kunirudishia akaiweka kwa mfuko wa koti lake.

Akasafisha koo. "Nilidhani hii mashine inaficha mambo," akasema. "Kumbe haijui kuficha hata kidogo. Wacha ikae. Na hakuna haja ya wazee kusoma barua za watu, mimi leo nimesoma za kutosha." Halafu akanigeukia. "Lakini chifu, sheria iko haja. Si ya mashine. Ya huyu."

Karani wa chifu akaandika, na muhuri ukapigwa: Kiprono, yaani mimi Rono, asiguse komputa kama Chelangat hayuko, na asionekane na kibuyu hatua kumi kutoka mlangoni. Ilibandikwa kwa mlango wa ofisi mpaka jua likala wino. Mimi najua hakuna sheria nyingine ya intaneti ilipitishwa Sotik miaka hiyo, ni hiyo moja, na ni yangu.

Kibodi nilimlipa Chelangat kwa kuchuma chai yake miezi mitatu, na kanisani nilisimama nikaondoa ile radi mbele ya watu wote. (Waliimba tena, lakini huo wimbo ulikuwa na kicheko ndani.)

Ijumaa iliyofuata Mzee Barnaba hakuenda posta. Alikuja kwa Chelangat, akaomba kwanza juu ya mashine, laini ikakatika akiwa bado kwa utangulizi, wakaanza upya, akamtamkia Chelangat maneno ya kumwandikia Wesley. Mimi nilikuwa nje kwa benchi, kama sheria inavyosema. Jibu lilipofika alikuja akakaa hapo kwa benchi na sisi, akasoma kwa sauti mpaka jina la kijana wake, na akavuta karatasi, na vile vimishale vikatokea. Akasoma yote. Maneno yake mwenyewe, salamu, mvua, ndama aliyezaliwa, mpaka mwisho.

"Haya nilisema mimi," akatuambia, na akaanza tena juu.

Tangu siku hiyo karatasi yoyote nikipewa naivuta kwanza mpaka mwisho, hata risiti, na sijawahi tena kusimama kwa baraza nikiwa na kitu mfukoni.