Zamu ya Kaka

Juzi, kwenye msiba wa Mwalimu Elia, niliona vijiti vyake vya dramu juu ya jeneza, nikakumbuka mchana mmoja kule Nkoaranga. Kabla hajaanza kutufundisha muziki, alipiga dramu mjini katika bendi ya roki.

Mchana ule nilitumwa kumpelekea maziwa. Migomba ilinukia mvua. Nikasikia mtu anagonga kutoka kaburini, nyuma ya nyumba, nikadhani marehemu anaomba kufunguliwa. Kumbe mwalimu alikuwa amekaa juu ya saruji ya kaburi, anapiga kwa vijiti, anaacha, anatabasamu, anaendelea.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Nyamaza kidogo, sasa ni zamu ya kaka.”

Siku hizi najua aliyelala pale ni kaka yake, mpiga gitaa wa bendi ile. Nisichojua ni kwa nini, katika ukimya ule, mguu wangu uliendelea kucheza.