Ukoo wa Taylor Wapeleka Posa Masuguru

Kabla hamjaanza kucheka (najua mtacheka, na mdogo wangu Shabani ndiye atakayeanza), nakiri kabisa kwamba aibu ile niliishona mwenyewe kwa mikono yangu, ila sikuwa peke yangu, kuna mwalimu mmoja alichangia na mpaka leo nikimwona njiani navuka barabara.

Mimi ni fundi cherehani hapa Handeni mjini, Rajabu Tela. Babu yetu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe, akafa kabla sijazaliwa, akatuachia hilo jina la Tela bila maelezo yoyote, na mimi nimetaniwa nalo tangu darasa la kwanza, "Tela, trekta lako liko wapi?", mpaka nikalichukia. Sasa siku moja huyo mwalimu wa Kiingereza kaja kupunguza suruali, akasoma kibao changu, akatikisa kichwa.

"Fundi, hili si Tela. Hili ni Taylor, jina la Kiingereza. Lazima meneja wa mkonge alimpa babu yako, nyie mkalitamka vibaya. Na unajua maana yake? Fundi cherehani!"

Jamani! Mimi, fundi cherehani, naambiwa jina langu maana yake ni fundi cherehani! Nani angekataa? Nikaingia mtandaoni, nikasoma usiku na mchana kwamba ukoo wa Taylor ulianzia kwa washona nguo wa Uingereza wa zamani sana, na kwamba neno lenyewe walilitoa kwa Wafaransa na lilikuwa na maana ya kukata (na babu alikuwa anakata mkonge! nikajisemea, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikata hata jani moja), na chini kabisa kulikuwa na nembo ya ukoo, chui kasimama kwa miguu miwili, makucha nje. Wiki ile ile kibao kikapakwa rangi upya: TAYLOR.

Hapo ningeishia, mambo yangekuwa shwari. Lakini Shabani alikuwa amepata mchumba, Zaina wa Masuguru pale Korogwe, binti ambaye Shabani alikuwa amemsubiri miaka mitatu amalize chuo, na kwa kuwa baba yetu ni marehemu, barua ya posa niliiandika mimi. Juu nikamweka chui, tena kwa rangi. Chini nikaandika, "Sisi, ukoo wa Taylor, kwa heshima na taadhima..."

Shabani akaniuliza, "Kaka, ni lazima?"

Nikamwambia atanishukuru. Baba mdogo Omari, ambaye ndiye angekwenda na mimi, naye akaanza, "Rajabu, marehemu mzee hakupewa jina na Mzungu yeyote, yeye alikuwa kwenye..." nikamkatiza, nikamwambia mambo ya historia aniachie mimi.

Basi tukaenda. Shabani akabaki ndani ya gari nje, maana mwoaji haingii, sisi tukakaribishwa sebuleni. Shikamoo zikatembea, chai ikawekwa mezani, na Mzee Shemweta, baba yake Zaina, akafungua barua. Akaitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Huyu mnyama ni wa nini?"

"Ni chui, mzee. Nembo ya ukoo wetu."

Shangazi yake Zaina akaruka kwenye kiti. "Chui! Kwenye barua ya posa! Na wametoka Handeni!"

Hapa naomba niseme jambo, maana linaniuma. Sisi watu wa Handeni tumechoka! Mtu wa kwingine akiweka ua kwenye barua ni mapambo, wa Handeni akiweka mnyama ni uganga. Yule mama aliishika barua yangu kwa ncha ya kanga, akaenda kuiweka karibu na mlango, na chai ikarudishwa jikoni kabla sijaigusa.

Nikaanza kueleza, na kila nilipoeleza nikazidi kuharibu. Nikataja Uingereza, nikataja Wafaransa, nikataja washona nguo wa wafalme (hao niliwaongeza mwenyewe). Mzee Shemweta akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akasema, "Mwanangu, sisi tunauliza ukoo ili tusije tukaoza ndugu kwa ndugu. Sasa huko Uingereza nikamuulize nani?"

Ndipo bibi yake Zaina, aliyekuwa amekaa kwenye kona muda wote ule, akaniuliza babu yetu alikuwa shamba gani. Nikamtajia.

"Aliitwa nani?"

"Taylor, bibi."

"Hapakuwa na Taylor pale. Palikuwa na Tela."

"Ndiye huyo huyo, mama," Baba mdogo akasema, haraka, kabla sijamkatiza tena.

Bibi akasogea mbele. "Tela alikuwa utingo. Anakaa nyuma, kwenye tela la trekta lililokuwa linaturudisha kambini. Trekta haliondoki mpaka yeye apulize filimbi, na hapulizi mpaka wanawake wote tumepanda. Siku moja nina mimba ya huyu," akamwonyesha Mzee Shemweta, "niko mstari wa mwisho kabisa, miguu imevimba, mnyapara anafoka, dereva anatukana, na Tela kaitia filimbi mfukoni, anatazama pembeni. Alinisubiri mpaka nikafika." Akanigeukia. "Mjukuu wa Tela ningempa Zaina leo hii hii. Lakini huyo Taylor wenu simjui."

Tukarudishiwa barua na chui wake.

Shabani alipotuona tumetoka nayo mkononi akawasha gari. Kutoka Korogwe mpaka Handeni hakusema neno, na ule ukimya ndio ulionichoma kuliko yote, kwa sababu nilijua angeweza kumkosa Zaina kwa ajili ya kibao changu. Niliona aibu, ila nikajificha kwenye hasira, nikamgeukia Baba mdogo: miaka yote hiyo unajua, mbona hukusema?

"Ulinikatiza," akasema.

Barua ya pili aliiandika yeye, kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari. Mimi nilipewa sharti la kutofungua mdomo, na nilikuwa nimeshaapa mwenyewe kwamba mtu akiniuliza ukoo tena nitajibu kwa neno moja na kukaa chini. Kibao nimeshakirudisha kuwa TELA, na kila wiki anakuja mtu kuniuliza kama nachomelea matela ya trekta.

Tukarudi Masuguru, barua ikasomwa, ikapokelewa, shangazi akaishika kwa mkono mtupu. Nikashusha pumzi. Bibi akanitazama.

"Na wewe uliye kimya hapo, nani?"

"Rajabu, bibi. Mjukuu wa Tela."

"Nani?"

"Mjukuu wa Tela."

"Sisikii." (Uongo! Shabani alikuwa amekohoa nje ndani ya gari, na bibi huyo huyo ndiye aliyemsikia, akasema mkwe apewe tangawizi.)

Nikasimama, nikapaza sauti mpaka nahisi Masuguru yote ilisikia: "Mjukuu wa Tela!"

"Haya," akasema. "Mpeni chai."